Nimeonja Fall of the Rising Sun Ultimate kwenye Silent Hunter 4, haya ndo maoni yangu ya mwanzo

Niseme mapema ili mtu asije akanilaumu baadae, kama unatafuta gemu ya nyambizi ya kukaa kidogo, ulipue meli nne tano halafu uzime kompyuta ukalale, hii modi (mabadiliko unayoweka juu ya gemu) haikufai, tafuta kitu kingine. Hapa unaweza ukazunguka baharini siku kibao za gemu huoni hata moshi, na ukija kuuona unakuta ni meli ya hospitali, huruhusiwi kuigusa. Na bado mtu unaendelea kucheza. Sijui wametufanyia nini.

Kwa asiyeijua, Silent Hunter 4 ni gemu ya Ubisoft ya 2007, vita ya Pasifiki, wewe ni kapteni wa nyambizi ya Marekani kazi yako kuwinda meli za Japani. Mwaka uliofuata wakaongeza U-Boat Missions, na hiyo nyongeza ndo inayofikisha gemu toleo 1.5 ambalo modi inalihitaji, bila hilo usihangaike hata kudaunlodi. Fall of the Rising Sun Ultimate, wenyewe wanaiita FOTRSU, ni modi kubwa ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu wenyewe kwa muda wao, na wameshika karibu kila kitu: meli, bahari, sauti, ratiba za misafara, tabia za adui, vioo vya periskopu. Kinachobaki cha gemu ya zamani ni mifupa tu.

Kuinstoli sasa. Sio kugumu ila kunataka utulivu na mtu anayesoma maelekezo, na najua wengi wetu hapo ndo tunapofeli. Gemu isikae ndani ya Program Files maana Windows inailinda ile folda na modi inashindwa kubadilisha mafaili, iweke kwenye folda yako pembeni kabisa. Halafu kuna kile kiprogramu kidogo cha JSGME, kinachokusaidia kuwasha na kuzima modi bila kuharibu mafaili ya asili, kipo miaka mingi na hakina mbwembwe. Halafu unaipa SH4.exe ruhusa ya kutumia memori hadi giga 4 badala ya 2, kuna pachi ndogo ya kazi hiyo, na hii usiiruke, yaani usiiruke kabisa, kwa sababu modi ni nzito na gemu ya 2007 haikujengwa kubeba mzigo huu, ukiipuuza itadondoka katikati ya msafara uliouwinda usiku kucha. La mwisho futa ile folda ya SH4 iliyoko kwenye Documents kabla ya kuanza, kariya ya zamani, yaani vita uliyoicheza na kuisevu, haitambui modi mpya, itakuletea mauzauza.

Ukimaliza yote hayo ukabonyeza kuanza, subiri. Kupakia ni kurefu. Usibonyezebonyeze kitu ukadhani imeganda, iache. Mwanzoni inaudhi lakini ukishaingia ndani unaelewa muda ulienda wapi.

Maana bahari, jamani. Gemu ya asili maji yake yalikuwa mazuri kwa wakati ule ila ni mazuri ya picha ya kalenda, buluu tupu. Huku mawimbi yana uzito, asubuhi kuna ukungu wa kijivu unaofuta mstari wa upeo wa macho, na usiku ni giza kweli, sio ule usiku wa magemu ambao unaona kila kitu ila kwa rangi ya bluu. Kuna wakati mvua ilipiga nikiwa juu ya maji, walinzi wangu kwenye mnara hawaoni kitu, mimi mwenyewe naangalia kwa darubini naona pazia jeupe tu, halafu sauti ya mlinzi inapiga kelele kuna meli, nageuza darubini nakuta ubavu wa meli ya mizigo uko karibu mno, umetoka tu ndani ya mvua kama ukuta. Hakuna muda wa mahesabu hapo, ni kupiga mbizi na kuomba wasiwe wamekuona.

Meli zenyewe sasa. Wameongeza nyingi, za mizigo, za mafuta, vimeli vidogo vya pwani, na nyingi zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Na hiki sio kitu cha urembo tu, kinaingia moja kwa moja kwenye kupiga. Ukicheza kwa mahesabu yako mwenyewe, umbali unaupata kwa kipimo cha periskopu ambacho kinaigawa picha mara mbili, unapandisha picha ya pili mpaka usawa wa maji wake ukae kwenye ncha ya mlingoti wa picha ya kwanza, halafu mashine inakupa umbali kwa kutumia urefu wa mlingoti ulioko kwenye kitabu cha kutambulia meli. Kwa hiyo ukichagua meli siyo kitabuni, urefu wa mlingoti unakuwa sio, umbali unakuwa sio, topido zako zote (makombora yanayokwenda chini ya maji) zinapita mbele ya pua ya meli zinaenda kuzama huko mbali. Kwenye gemu ya asili nilikuwa nafungua kitabu kwa sekunde mbili tu. Hapa nahesabu nguzo za kreni, naangalia bomba la moshi liko katikati au nyuma, naangalia sitaha imevunjika ngazi ngapi, huku periskopu naitoa kidogo na kuirudisha chini kwa sababu ukiiacha juu muda mrefu kwenye bahari tulivu wanaiona.

Tuje kwenye topido maana hapa ndo roho ya hii kitu ilipo.

Historia iko hivi. Nyambizi za Marekani ziliingia vitani Desemba 1941 na topido ya Mark 14, ambayo kwenye karatasi ilikuwa balaa, kilomita kama 85 kwa saa. Ila ilikuwa na magonjwa matatu kwa mpigo. Ilikuwa inakwenda chini zaidi ya kina ulichoiwekea, kama mita 3 hivi, kwa hiyo inapita chini ya meli kimyakimya. Ile fyuzi yake ya sumaku, iliyotakiwa kulipuka chini ya tumbo la meli, mara inalipuka kabla haijafika mara hailipuki kabisa. Na ile ya kugonga, ukiipiga meli vizuri kabisa kwa pembe mraba, pini inapindika na mlipuko hautokei, lakini ukiipiga kwa mshazari inalipuka. Yaani ukiwa mpigaji mzuri unaadhibiwa! Na ofisi ya silaha kule kwao ikawa inawaambia makapteni nyie ndo hamjui kulenga. Mpaka Juni 1942 ndo Admirali Lockwood, kamanda wa nyambizi za Marekani kule Australia, akaamua kufyatua topido kupita kwenye wavu wa uvuvi kule Albany, Australia, ili aone matundu yako kina gani. Ile ya sumaku Nimitz, mkuu wa manowari za Marekani huko Pasifiki, aliamuru izimwe Juni 1943. Na mwezi uliofuata, tarehe 24 Julai, nyambizi ya Tinosa ilikutana na meli kubwa ya mafuta, Tonan Maru namba 3, wakaisimamisha, ikawa haiendi popote, wakakaa pembeni kuipiga moja moja kama wako mazoezini, zinagonga hazilipuki. Kapteni Daspit alifyatua 15 jumla, akabakisha moja akarudi nayo Pearl Harbor waifungue waone. Pini ikaja kurekebishwa baada ya hapo, mwaka huohuo.

Sasa ukiwasha topido mbovu kwenye mipangilio na ukaanza kariya 1941, unaishi humo humo ndani ya hiyo hadithi. Umefanya kila kitu sawa, umejipanga mbele ya meli, umezima injini za kelele, umengoja, umefyatua tatu, saa inahesabu, muda unafika, unasikia kwenye sonari mlio wa chuma kugonga chuma. Nglong. Basi. Hamna mlipuko. Na meli ya mizigo sasa imejua upo, inaanza kukata kona, na ile ya kusindikiza imegeuza pua. Hasira utakayoipata sio ya kawaida. Lakini ndo hapo nikajikuta naanza kucheza kama makapteni wa kweli walivyolazimika kucheza: naweka kina kifupi kuliko kitabu kinavyosema, nazima sumaku, nakwepa ile pembe mraba ambayo kila mwongozo wa gemu unakufundisha uitafute, na silengi meli moja kwa topido moja hata siku moja. Kuna gemu chache sana zinazokufanya usiiamini silaha yako mwenyewe halafu hilo liwe ndo utamu wake.

Topido pia zina idadi, na kila inayogoma inauma. Gato, nyambizi mpya zaidi ya Marekani, inabeba 24, matundu sita mbele manne nyuma, unaona nyingi, ila zikianza kugoma zinaisha haraka. Zile nyambizi za zamani za S zinabeba 12 tu na matundu manne ya mbele, na zinatumia Mark 10 ambayo ni ya polepole zaidi lakini haina ile laana ya Mark 14 kwa kiwango kilekile. Wengi wanazidharau S, ni za kizamani, haziendi chini sana, mita 60 tu ndo kina chake cha majaribio, ila mimi nimeipenda kuianza nayo vita pale Manila. Ukiwa na chombo kibovu unakuwa makini zaidi.

Makapteni wa meli za kusindikiza, zile manowari zinazolinda misafara, hawana huruma. Sio wote, kuna wengine wanazunguka tu wamelala, lakini ukikutana na mjanja anakusimamia juu ya kichwa, anasimamisha injini anasikiliza, na wewe kule chini umewaambia vijana wako kimya, panga boi inazunguka polepole, unaenda mwendo wa kutembea kwa mguu. Hapo ukifungua injini utoke kasi umekwisha. Chini ya maji hata hiyo Gato mwisho wake ni kama kilomita 17 kwa saa, na betri haikai hata kidogo kwa mwendo huo, kwa hiyo wazo la kumkimbia manowari lifute kichwani. Mabomu yakianza kushuka sauti zake zimetengenezwa vizuri mno, vaa hedfoni, ila punguza volyumu.

Haya, mabaya. Uzito nimeshausema. Ukiikimbiza saa ya gemu kwa kasi ya juu kabisa ili uvuke bahari haraka, gemu inaanza kukwamakwama, hasa ukipita karibu na bandari zenye meli nyingi, na ndege inaweza kukufikia kabla gemu haijashtuka. Mi napunguza nikikaribia nchi kavu yoyote. Kusevu nako ni mtihani: usisevu ukiwa chini ya maji wala ukiwa na adui karibu, panda juu, nenda mbali, ndo usevu, la sivyo ukiifungua hiyo sevu unaweza kukuta mambo ya ajabu au isifunguke kabisa. Hilo lilikuwepo tangu gemu ya asili, modi imelirithi, ila kwa kuwa safari za humu ni ndefu linauma zaidi. Kingine ni maelekezo. Yapo, tena mengi, ila yameandikwa na watu wanaoijua gemu tangu mwaka gani sijui kwa ajili ya watu wanaoijua vilevile, mgeni ataona vifupisho tu vinapita. Na menyu bado ni zile zile za 2007, vibatani vidogo, usitegemee kitu cha kisasa.

Ila kwa kitu cha bure, aisee. Kuna magemu mapya yanauzwa hela nyingi hayana hata robo ya hii bahari.

Kama hujawahi kabisa kucheza nyambizi, ushauri wangu usianze na 1941 kama nilivyofanya mimi mwenye kichwa kigumu. Chukua Gato mwishoni mwa 1943, topido zimeshatengenezwa, una rada ya SJ inayokuonyesha meli usiku kabla hawajakuona, acha mahesabu ya kulenga yafanywe na kompyuta ya gemu kwanza, zoea periskopu, zoea kukimbia. Ukishaona umekuwa mkubwa rudi nyuma Desemba 1941, zima msaada wote, uwashe zile topido mbovu, halafu uje unieleze umetukana mara ngapi.