Uzoefu Wangu: Kulala Hemani Kando ya Ziwa Paradise, Mlima Marsabit

Kambi ya Ziwa Paradise, iliyo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit kaskazini mwa Kenya, ni mahali ninapopapendekeza kwa moyo wangu wote kwa mtu anayependa kulala hemani na aliye tayari kujitegemea kwa kila kitu. Anayetarajia bafu la maji moto, soketi ya kuchajia simu na mkahawa wa karibu hatafurahi, na ni afadhali alijue hilo kabla hajatoka nyumbani. Hapa hakuna jengo. Kuna msitu, kuna ziwa, kuna uwanda wa nyasi wa kusimamishia hema, na kuna ukungu, na nimeuweka ukungu katika orodha hiyo kwa makusudi, kwa sababu karibu kila jema na kila adha niliyokutana nayo huko ilitokana nao.

Mlima Marsabit si mrefu ukilinganishwa na milima mingine tuliyo nayo, kwani kilele chake kina mita 1,707 tu, lakini umesimama peke yake katikati ya nchi kame, Jangwa la Chalbi likiwa upande wa kaskazini-magharibi na nyika ya Kaisut upande wa kusini. Hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi hupita juu ya nyanda hizo za joto bila kuacha tone, kisha ikifika mlimani hulazimika kupanda, hupoa usiku, na hugeuka ukungu mzito unaolala juu ya miti hadi asubuhi. Ukungu huo ndio unaoulisha msitu, na msitu ndio unaozilisha chemchemi kama ile ya Bakuli ambayo mji wa Marsabit unaitegemea kwa maji. Ziwa lenyewe limo ndani ya shimo la volkeno ya kale ambalo wenyeji huliita Gof Sokorte Guda. Miaka ya ukame mkali maji yake hupungua sana, na imewahi kutokea yakakauka, kwa hiyo anayetaka kuliona likiwa limejaa aulizie hali yake kwanza.

Kufika si kazi tena. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, Merille na Laisamis, na barabara yote kuanzia Isiolo hadi Moyale ni ya lami. Waliosafiri huko enzi za changarawe, magari yakienda kwa msafara wenye ulinzi wa askari, wanaelewa ni mabadiliko gani hayo. Sisi tulilala njiani ili tufike mapema, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia mjini Marsabit, tukanunua mboga, maji ya kunywa na mtungi wa gesi, kisha tukaelekea langoni. Ndani ya mbuga mambo ni tofauti, kwa sababu njia ya kuelekea ziwani ina miteremko, na udongo wake ukinyeshewa huteleza vibaya. Gari linaloweza kuzungusha magurudumu yote manne ni la lazima, si la fahari.

Hii ni mojawapo ya zile kambi ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huziita kambi maalumu, maana yake ni kwamba huwekewa nafasi mapema na hutolewa kwa kundi moja kwa wakati mmoja. Ada hulipwa kwa njia ya mtandao wala si kwa pesa taslimu langoni, hivyo fanya malipo yako ukiwa bado na mtandao wa kuaminika. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na shemeji yangu, pamoja na askari wa wanyamapori aliyekaa nasi usiku kwa ajili ya ndovu na nyati. Nawasihi wanaopanga kwenda wasilichukulie jambo la askari kuwa gharama ya kupunguzwa. Nitaeleza sababu baadaye kidogo.

Kusimamisha hema kulituchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nyasi ni laini na zinapendeza macho, lakini chini yake udongo ni wa kina kifupi, na vigingi vyembamba vya alumini vinavyokuja na mahema ya dukani vilikuwa vikigonga jiwe la volkeno na kupinda. Vya chuma kinene vilifaa zaidi, na penye mwamba tulizifunga kamba kwenye mawe makubwa. Askari wetu, kijana mpole wa sauti ya chini, alitutazama tukianza kazi hiyo chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizuri, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapo mtanyeshewa usiku kucha," akasema.

"Lakini mbingu ni nyeupe, afande."

"Mbinguni hakuna mvua. Mvua iko kwenye huo mti."

Tulihamisha hema hadi peupe, mbali na njia ya wanyama aliyotuonyesha, na usiku huo huo nikamshukuru. Ukungu ulianza kushuka mara tu giza lilipoingia. Ulipita juu ya ukingo wa shimo, ukajaza bonde, na baada ya muda tochi ya kichwani haikuweza kumulika zaidi ya hatua chache. Miti ya msitu huu imefunikwa nyuzi ndefu za kijivu na kijani zinazoning'inia kutoka matawini kama ndevu za mzee, na kila uzi hunasa matone madogo ya ukungu, hukusanya, kisha hudondosha. Ukisimama chini ya matawi unasikia mvua hasa, matone makubwa yakigonga majani makavu bila kukoma, ilhali hatua chache pembeni, kwenye nyasi, unahisi unyevu tu usoni. Nilitoka mara kadhaa kwenda kusimama mpakani mwa hali hizo mbili, mkono mmoja ukilowa na mwingine ukibaki mkavu. Nilisoma shuleni kwamba misitu huleta maji, lakini usiku ule nililiona jambo hilo likitendeka kiganjani mwangu.

Sasa kuhusu hema lenyewe, maana naamini wengi watakaosoma haya watataka kujua ni la aina gani linalofaa. Letu lilikuwa la watu wanne, la tabaka mbili, la ndani likiwa na wavu sehemu ya juu na la nje likiwa la kuzuia mvua, na tulilikodi katika duka moja jijini Nairobi ambalo sitalitaja. Muundo wake ulikuwa sahihi kwa mahali hapa. Matunzo yake hayakuwa sahihi, kwa kuwa utepe wa kuziba mshono wa sakafu ulikuwa umebanduka kwenye pembe moja, na asubuhi ya kwanza godoro la upande huo lilikuwa limelowa. Bahati njema mke wangu alikuwa amesisitiza tubebe turubai la ziada, tukalitandika chini ya hema na kulikunja kingo zake zisitokeze nje, kwa sababu turubai likitokeza hukinga maji na kuyaingiza chini yako badala ya kuyazuia. Baada ya hapo hatukulowa tena kutoka chini.

Unyevu unaotoka juu una dawa nyingine. Mtu akihisi baridi ya Marsabit, jambo la kwanza analotaka kufanya ni kufunga zipu zote, na hilo ndilo linaloharibu usiku. Pumzi za watu watatu hupanda, hukutana na kitambaa baridi, huwa matone, na kufikia alfajiri matone hayo huanza kuanguka juu ya blanketi. Vidirisha vya juu viachwe wazi, tabaka la nje livutwe kwa kamba hadi lisiguse la ndani, na baridi itakayoingia ishindwe kwa nguo. Mablanketi mawili mazito kwa kila mtu, soksi za sufu na kofia vilitutosha vizuri mwezi wa Agosti. Wanaodhani kwamba kaskazini mwa Kenya ni joto tupu wakumbuke kuwa joto hilo wataliacha chini, barabarani.

Ukungu ulikuwa ukiondoka mwendo wa saa nne asubuhi, wakati mwingine baadaye, na namna unavyoondoka ni sababu tosha ya kufunga safari. Hauinuki wote kwa pamoja. Kwanza unaona ukanda wa maji ulio karibu nawe, pamoja na bata waliokuwa wakisikika tu. Kisha matete ya ng'ambo. Kisha, juu mno kuliko ulivyokuwa umekadiria, ukuta wa msitu unaolizunguka ziwa. Hapo ndipo hema linapoanikwa. Usikubali kulifungasha likiwa na maji kwa sababu ya haraka ya kurudi, maana litaota ukungu wa aina nyingine na harufu yake haitoki.

Nilisema nitarudi kwa suala la askari. Wakati wa kiangazi ndovu wa Marsabit hukaa msituni, na mvua zinaponyesha huteremka nyandani, kwa hiyo mwezi wa Agosti tulikuwa tumelala mahali wanapokuja kunywa. Usiku mmoja, tukiwa tumeketi karibu na jiko, kijana alinyanyua kiganja na kutuamuru tuzime taa zote. Hatukuona kitu. Tulisikia tawi likivunjika upande wa kushoto, kisha kimya kirefu, kisha mngurumo wa chini sana ambao nadhani niliuhisi kifuani kabla ya masikio kuupata. Akatunong'oneza tusiongee, tusikimbie wala tusiingie hemani mpaka aseme, akasimama kati yetu na sauti ile, bunduki ikiwa begani na wala hakuigusa. Walipita ndani ya ukungu, na nisingeweza kusema walikuwa wangapi. Kilichofuata ni maji, yakivutwa na kumwagwa, kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, na aliponiangalia baadaye alikuwa akilia kwa furaha. Bila mtu anayejua wanyama hao wanapita wapi na wanachukizwa na nini, ningesimulia habari nyingine kabisa.

Ni askari huyo huyo aliyetueleza habari za Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri rasmi mwaka 1970, na ambaye alikufa katika mlima huu mwaka 1974. Sanamu yake imesimama kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na wengi wetu tulipelekwa kuiona tukiwa wanafunzi. Kuwasikia ndovu wa mlima ule ule wakinywa maji, baada ya miaka yote hiyo ya ujangili na ukame, kulinigusa kuliko nilivyoweza kueleza pale. Kabla ya hayo, kati ya 1924 na 1927, Wamarekani Martin na Osa Johnson waliishi kando ya ziwa hili wakipiga picha na filamu za wanyama, na ukiketi pale unaelewa kwa nini hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Mambo ya jikoni ni mepesi. Maji ya ziwa si ya kunywa, kwa hivyo beba yako yote, na uzidishe. Tulipikia gesi, naomba kila anayekwenda afanye vivyo hivyo badala ya kutafuta kuni, kwa kuwa kila tawi linalonasa ukungu lina kazi mahali hapa hata baada ya sisi kuondoka. Vyakula vyote vilifungiwa ndani ya gari kwa sababu ya nyani na fisi. Choo utaulizia mpangilio wake langoni, na takataka zako utazirudisha mjini, pamoja na maganda ya matunda.

Sitawashauri wenye watoto wadogo sana walale hapa, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu haambiwi anyamaze ndovu wakipita. Familia kama hizo zitapata utulivu zaidi zikilala mjini na kuja ziwani mchana na dereva anayeifahamu njia. Wazee hawana tatizo wakiwa na godoro nene na kiti chenye egemeo. Kuhusu majira, epuka Aprili na Novemba kwa sababu ya matope, na ukienda kati ya Juni na Septemba utapata barabara kavu, ndovu karibu, na ukungu mwingi kuliko ulivyozoea. Kagua mishono ya hema lako kabla ya kuondoka dukani, ulisimamishe pale pale mbele ya muuzaji, na usiondoke mpaka umeipitisha mikono kwenye kila pembe ya sakafu.