Vitabu vya mtumba, Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu

Kama kazi imekumalizia hamu ya kusoma, pitia kibanda hiki. Vitabu vimetandazwa juu ya turubai, vingine vimesimama ndani ya kreti za soda. Mimi ni muuguzi wa zamu, na tangu nimalize chuo nilikuwa nasoma faili za wagonjwa tu.

Mzee mwenyewe hakukimbilia kuniuzia. Aliniuliza, "Sista, una muda gani wa kusoma?" Nikamwambia ni ule wa ndani ya matatu, Kondele hadi mjini. Akachagua mkusanyiko wa hadithi fupi, akapangusa jalada kwa kitambaa, kisha akanionyesha hadithi moja baada ya nyingine, ipi itaisha kabla sijashuka. Sijawahi kuhudumiwa hivyo dukani.

Vingi ni kati ya shilingi 100 na 300. Ukirudisha ulichomaliza, unaongeza 50 na kuchukua kingine. Hapo pia nilipata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), chapa ya 1981, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Naifungua kila usiku wodi ikitulia.

Vitabu vya kujiendeleza ndivyo dhaifu: vingi vinaeleza mikopo na kodi za Marekani, na vya Kiswahili ni vichache mno. Kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. M-Pesa anapokea. Nenda kabla ya saa kumi, maana wingu likitanda tu anafunga.