Pipa la Mboji kwa Majira ya Baridi: Lipi Linunuliwe Kwanza

Anayetafuta pipa litakaloendelea kuozesha mabaki ya jikoni mwezi Januari huko Uswidi au Ufini hana budi kujua kwamba joto halitoki kwenye pipa. Huzalishwa na bakteria wanaokula maganda na makombo, na kazi ya pipa ni ile ya blanketi. Lundo lililo wazi huhitaji kama mita moja ya ujazo ili lijihifadhie joto lake, na hakuna familia ya watu wanne inayokusanya maganda ya viazi ya kiasi hicho kwa haraka.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ni ya pipa lenye kuta nene za kuzuia joto, lenye ujazo wa lita 200 au zaidi. HOTBIN ya Uingereza, ya lita 200, imeundwa kwa povu gumu la plastiki, na ikilishwa vizuri hufanya kazi kati ya nyuzi 40 na 60 za Selsiasi. Biolan ya Ufini, ya lita 220, ni ya kundi hilohilo. Ukiwa dukani, anza na kifuniko, maana joto hupanda juu: bana kipande cha karatasi kati ya kifuniko na ukingo, kisha ukivute, kikitoka bila ubishi, joto nalo litatoka hivyo hivyo. Hewa iingilie chini na kutokea kwenye tundu linalorekebishwa, si ukingoni.

La pili ni Joraform JK 270 ya Uswidi, pipa la mabati la kuzungusha kwa mkono, lililowekewa kizuia joto ndani. Panya hawalitoboi. Limegawanywa vyumba viwili, hivyo kila lundo ni dogo, na ndiyo sababu sikuliweka nafasi ya kwanza.

La tatu ni Green Johanna ya lita 330 pamoja na koti lake la baridi, ambalo huuzwa kando. Linafaa Denmark au Uskoti kuliko Lapland, kaskazini ya mbali yenye baridi kali. Mwenye bustani kubwa anaweza kuacha koti hilo na kulizungushia pipa la kawaida marobota ya mabua ya ngano, ambayo ni rahisi na huishia kuwa mboji yenyewe.

Pipa jeusi la plastiki nyembamba sikushauri. Nililinunua langu kwa kuambiwa kwamba weusi huvuta jua, ilhali mchana wa Desemba mjini Stockholm hudumu saa sita hivi. Kufikia Februari maganda ya ndizi yalikuwa yakigongana kama kokoto. Pipa la minyoo, ambamo minyoo ndio hula makombo, ni la ndani ya nyumba tu, kwani minyoo hao hustawi kati ya nyuzi 15 na 25.

Lolote utakalochagua, nunua pia kipimajoto chenye mkono mrefu unaofika katikati ya lundo, na gunia la vipande vya mbao vya kunyonya maji. Makombo yaliyoganda yayeyushe jikoni kwanza. Lundo likipoa, fukia ndani yake chupa ya plastiki ngumu iliyojazwa maji ya moto na kufungwa vizuri, uongeze makombo mabichi juu yake, na uitoe kipimajoto kikivuka nyuzi 40.