Pensheni au Nyumba: Kugawana Akiba ya Uzeeni Baada ya Talaka

Wanandoa wa Nakuru wanaoachana baada ya miaka 20, mume akiwa na akiba ya uzeeni kazini na mke akiwa amelima shamba la Njoro na kulea watoto, wana njia mbili: kusubiri akiba ilipwe ndipo wagawane, au mke apewe sehemu kubwa zaidi ya nyumba na shamba, naye mume abaki na pensheni yake yote.

Kusubiri kuna haki yake, kwa kuwa kinachogawanywa ni fedha halisi, si makadirio. Hata hivyo, mke hubaki akimtegemea mtu waliyekwisha kuachana, ambaye huenda akaacha kazi mapema au akafariki kabla ya kustaafu.

Mimi naiona njia ya pili kuwa bora, maana mke huondoka na hati miliki mkononi. Ugumu uko kwenye thamani: milioni moja itakayolipwa baada ya miaka 10 hailingani na milioni moja ya leo. Kwa hiyo ile taarifa ya kila mwaka ya akiba ya uzeeni ya mume, yenye safu ya michango ya mfanyakazi na ya mwajiri, iwekwe mezani mapema.

Kwa vyovyote, mchango lazima uthibitishwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi na kilimo, lakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Jembe halitoi risiti. Mke atunze stakabadhi za mbegu na karo, na awatafute mapema majirani watakaomtolea ushahidi.