Sant'Ignazio, Roma: Tafuta Duara Kwanza, Ndipo Utazame Juu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua Sant'Ignazio, kanisa la Mtakatifu Inyasi wa Loyola jijini Roma, mwendo wa dakika chache kutoka Pantheon. Wajesuiti, shirika la kitawa alilolianzisha Inyasi, walianza kulijenga mwaka 1626, kwa ramani ya padre wao Orazio Grassi, mwanahisabati. Kuingia ni bure.

Ukishaingia, macho yabaki chini kwanza. Fuata njia ya katikati mpaka uone duara la marumaru sakafuni. Simama juu yake, ndipo utazame dari. Nguzo zilizochorwa zinapanda wima, kama kuta zimeongezewa ghorofa na paa limeondolewa kabisa. Sasa sogea hatua kadhaa pembeni. Zile zile zinaanza kuinama! Wengi hudhani mchoro una kasoro. Hauna. Bruda Andrea Pozzo, aliyeumaliza mwaka 1694, alipiga hesabu zote kwa jicho la mtu aliyesimama penye duara hilo.

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Dari imepinda, kwa hiyo mstari uliopigwa juu yake kwa rula utaonekana wa upinde ukiwa chini. Dawa yake ameieleza kwenye kitabu chake cha 1693. Unagawa mchoro mdogo kwa miraba. Unatandaza wavu wa kamba, wenye miraba hiyo hiyo, pale dari inapoanzia. Usiku unaweka taa mahali pa jicho la mtazamaji, na kivuli cha wavu kinatua darini kikiwa kimeshapinda inavyotakiwa. Kivuli kikififia kwa urefu wa dari, unavuta uzi kutoka penye taa, upitie kwenye fundo la wavu mpaka ufike juu, unatia alama. Kisha unahamisha mchoro, mraba kwa mraba.

Fuata mwanga uliochorwa darini pia: unatoka kwa Mungu Baba, unampitia Kristo, unamfikia Inyasi, halafu unagawanyika kwenda mabara manne, kila moja limechorwa kama mwanamke. Afrika ni yule mwanamke mwenye pembe ya ndovu, na mamba yuko chini yake. Beba darubini ndogo, maana sura zake huzioni vizuri bila hiyo.

Mbele zaidi kuna alama ya pili, ya kutazamia kuba. Kuba halisi haikujengwa. Unachokiona ni mchoro wa Pozzo kwenye turubai bapa, wa mwaka 1685. Ukiwa penye alama ina kina, nguzo na kivuli. Ipite, uende chini yake kabisa, na kuba yote inaanguka upande. Wasanifu wa wakati ule walilalamika kwamba nguzo zake zimekalia vishikizo vinavyotokeza ukutani, jambo lisilofanywa kwenye jengo la kweli. Pozzo anasimulia kwamba rafiki yake mchoraji alimjibia: yuko tayari kulipa hasara zote zikidondoka.

Kuhusu picha: kile kioo kilichowekwa kanisani ili upige picha ya dari ndani yake huwa na foleni ndefu, na kinakuonyesha kipande tu. Mimi ningekiacha. Laza simu, kamera itazame juu, ukiwa kwenye duara. Usitumie lenzi pana kupita kiasi, maana inavuta kingo na kuharibu hesabu ile ile uliyoifuata.

Kabla ya kutoka, pita mkono wa kulia wa kanisa, maana limejengwa kwa umbo la msalaba. Altare ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga ina sanamu ya marumaru ya Pierre Le Gros, iliyochongwa ikitokeza kwenye bamba, na nguzo za kijani zilizosokotwa. Isogelee, utazame mikunjo ya kanzu.