Uzoefu wangu na Hurricane ya rimoti ya mita 2.44: mbao, kitambaa na rangi hapa Nakuru

Watu watatu wameniuliza mwezi huu kama seti ya mbao ya kujiundia Hurricane (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia) niliyoagiza kutoka Uingereza inamfaa mtu anayeishi huku kwetu. Inafaa, na mimi ningeiagiza tena. Ila kazi iliyonitoa jasho haikuwa ya mbao. Mbao zilikwisha kwa miezi minne. Kitambaa, vanishi na rangi vilinichukua miezi saba, na huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo natamani mtu angeniambia mapema. Kwa hiyo nitakaa zaidi huko.

Kwanza ukubwa, ili tuelewane. Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa futi 40, yaani mita 12.19. Seti hii ni ya kipimo cha moja kwa tano, basi kutoka ncha hadi ncha ni mita 2.44, sawa na inchi 96. Chama cha kimataifa cha ndege kubwa za rimoti, IMAA, huihesabu ndege ya tabaka moja la mabawa kuwa ya daraja la kubwa kuanzia inchi 80, kwa hiyo hii imeshavuka. Kiwiliwili kinakaribia mita mbili. Kwenye Probox inaingia tu mabawa yakiwa yamechomolewa, viti vya nyuma vimelazwa, na pua imepita katikati ya viti vya mbele.

Mbona si Spitfire, ile ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ya wakati uleule? Spitfire ni nzuri kuitazama kuliko zote, sibishani na mtu. Lakini miguu yake hukunjwa kuelekea nje, kwa hiyo ikisimama magurudumu yako karibu karibu, na sisi tunaruka kwenye murram. Miguu ya Hurricane hukunjwa kuelekea ndani, ikisimama imetanua miguu kama mtu anayenyanyua gunia. Kwenye njia yenye changarawe hilo lina thamani kubwa. Halafu kuna historia. Mwaka 1940 na 1941 Hurricane za jeshi la anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka ardhi hii ya Kenya kupigana na Waitalia waliokuwa Ethiopia na Somalia, na Nakuru yenyewe wakati huo ilikuwa na kikosi cha mafunzo cha jeshi la anga la Uingereza. Nilitaka ndege ambayo mtoto wangu akiniuliza "hii iliwahi kufika kwetu?" nimjibu ndiyo.

Sanduku lilifika kona moja imepondwa, na karatasi mbili za balsa (mti mwepesi sana wa kuundia ndege) zimepinda. Nilituma picha, aliyeniuzia akanitumia nyingine bila maneno mengi. Ushuru na VAT ya asilimia 16 uvitie kwenye hesabu kabla hujaagiza, pamoja na usafirishaji, kwa sababu sanduku ni refu na hutozwa kwa ukubwa. Ndani kuna mbavu za plaiwudi zilizokatwa kwa leza, fito, balsa ya kuvika, pua ya fibaglasi, kifuniko cha plastiki cha chumba cha rubani, na michoro. Injini, miguu ya kukunjwa, sevo (vimota vya kuendeshea usukani), kitambaa na rangi ni juu yako. Ukataji ni safi mno. Mbavu ziliingia kwenye mhimili bila kupigwa msasa hata mara moja, na bawa lilipokauka nililiweka juu ya meza ya kioo, halikucheza. Kwa upande wa mbao sina la kulalamikia.

Sasa umaliziaji. Uzuri wa Hurricane ni kwamba ni ndege mbili katika moja. Mbele na kwenye mabawa (ya zile zilizotengenezwa baadaye) imevikwa bati. Nyuma ya chumba cha rubani hadi mkiani ni kitambaa kilichovutwa juu ya fito. Ukiifanya yote ing'ae sawasawa umeiua. Jicho lazima lione mahali bati linapoishia na kitambaa kinapoanzia, na fito zionekane chini ya kitambaa kama mbavu za farasi mwembamba.

Kwa sehemu ya nyuma nilitumia kitambaa cha poliesta chenye gundi upande mmoja, kile kinachonatishwa na kuvutwa kwa pasi. Kazi yake ni hatua mbili za joto: kwanza joto dogo, unanatisha kingo tu, kisha unapandisha na kupitisha pasi polepole hadi mikunjo ipotee na kitambaa kilie kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Nilianza na pasi ya nyumbani. Usifanye hivyo. Joto lake linapanda na kushuka bila utaratibu, na nilivuta upande mmoja wa usukani wa mkia hadi ukapinda kama kijiko. Nilibandua nikaanza upya na pasi ndogo ya kazi hii, na kila nilipovuta kidogo upande wa kushoto nilihamia wa kulia. Baada ya hapo kitambaa hakikunisumbua tena, na miezi hii yote ya jua na baridi bado kimekaza.

Kwenye ndege halisi kitambaa kilishonwa, na juu ya mshono kikabandikwa utepe wenye kingo za meno. Nilimwomba mama fundi wa cherehani aliye jirani anikatie utepe wa milimita 10 kwa makasi yake ya meno, kutoka kwa mabaki ya kitambaa kilekile. Aliniuliza ni nguo ya nani. Nilipomletea mkia auone alikaa chini, akakata mita zaidi ya 20 akiwa ameshikilia rula kwa kiwiko, na kila kipande kilikuwa sawa na mwenzake. Mimi nilikuwa nimejaribu wiki nzima sikuweza. Chini ya utepe niliweka vitone vidogo vya gundi nyeupe ya mbao kwa sindano ya dawa, kimoja kila milimita 12, vikawa mafundo ya uzi. Jua la saa kumi na moja jioni likiupiga mkia ule kwa ubavu, hutaamini kwamba ni ndege ya rimoti.

Mabawa ndiyo yaliyonifunza uzito. Balsa lazima ivikwe kitambaa chembamba cha fibaglasi, nilitumia cha gramu 25 kwa mita ya mraba, kisha ipakwe kitu cha kukishika. Bawa la kushoto nilitumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili. Ilikuwa Julai, na baridi ya usiku ya Nakuru mnaijua. Asubuhi epoksi ilikuwa bado inanata, nikasubiri siku tatu, nikaongeza nyingine kuziba vishimo, nikapiga msasa, nikaongeza tena. Bawa la kulia nilijaribu vanishi ya maji ya sakafu, ya kawaida tu ya hadiweya: unalaza kitambaa kikavu, unapaka vanishi kwa brashi kutoka katikati kwenda nje, inapenya na kukishika. Inakauka kwa saa mbili, haina harufu ya kufukuza watu nyumbani. Nilipaka mara nne nikipiga msasa wa maji katikati.

Nikapima kwa mizani ya jikoni. Bawa la epoksi lilikuwa limeongeza gramu 190. La vanishi gramu 120. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Tofauti hiyo ya gramu 70 ilinilazimu kuweka gramu 33 za risasi kwenye ncha ya bawa jepesi ili ndege isilale upande mmoja, yaani nilibeba uzito wa kosa langu mara mbili. Epoksi ina nguvu zaidi ikigongwa, hilo nakubali, na ningeitumia tena puani na penye miguu. Kwingine kote, vanishi ya maji. Na fundi akikwambia utumie ile rezini ya kurekebishia mabodi ya matatu, mshukuru uondoke. Ni nzito, na ikigusa foamu nyeupe inaila.

Mkiani ni kubaya zaidi. Pua ya Hurricane ni fupi na mkia ni mrefu, kwa hiyo kila gramu 10 za rangi unazopaka mkiani zinadai kama gramu 30 za risasi puani ili kitovu cha uzito kirudi pale mchoro unapotaka. Mimi niliishia na gramu 640 puani. Risasi nilipata kwa watu wa matairi, zile za kubalansi magurudumu.

Rangi ndiyo iliyoniumiza. Duka moja la rangi za magari hapa mjini, silitaji, liliniuzia praima likaniambia inakubaliana na rangi ya juu. Praima ilikuwa ya enameli. Rangi ya juu ilikuwa ya kuchanganywa na thina kali ya selulosi. Nilipopuliza mkono wa kwanza juu ya bawa dogo la nyuma, ndani ya dakika moja uso wote ulijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Thina ilikuwa imepenya na kuinua praima ya chini. Utepe wa mama fundi, mafundo yote ya gundi, vikaenda pamoja. Nilirudi dukani, wakasema nimepuliza vibaya. Nilipiga msasa siku mbili hadi kwenye kitambaa, nikaanza tena, na mama fundi akanikatia utepe mwingine bila kutaka malipo ya pili. Tangu hapo sipulizi kitu juu ya ndege kabla ya kukijaribu kwenye kipande cha mbao kilichopakwa tabaka zote kwa mpangilio uleule, kikakaa siku nzima.

Duka la pili lilinifaa. Niliwapelekea vipande vya rangi ya kahawia ya udongo iliyokolea na kijani kizito, wakavisoma kwa kompyuta yao wakachanganya zote za familia moja, praima hadi juu. Niliwaomba waongeze nyeupe kidogo katika kila moja, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko inavyotakiwa. Walinishangaa lakini walifanya. Omba pia klia (vanishi ya kupuliza juu ya rangi) isiyong'aa. Wamezoea magari, watakupa ya kung'aa usipowakumbusha.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuchakaza, yaani kuifanya ionekane imetumika. Rubani wa Hurricane alipanda kwa upande wa kushoto, kwa hiyo mzizi wa bawa la kushoto ndio uliolika viatu. Nilipuliza rangi ya fedha hapo kwanza, ikakauka, nikalowesha kidogo kwa maji nikanyunyiza chumvi ya mezani, ile ya kawaida. Ikakauka na kushika. Nikapuliza kijani juu yake. Kesho yake nikasugua kwa brashi ya meno iliyolowa, punje zikadondoka, na chini yake fedha ikachungulia kwa madoa yasiyo na mpangilio, kama bati lililokanyagwa na watu kweli. Huwezi kuyachora madoa yale kwa mkono.

Injini ni DLE 55, petroli na oili ya tu-stroki, 30 kwa moja. Haijanisumbua. Ila jueni kwamba Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kama asilimia 17 kuliko ya pwani. Injini inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ndege inatua kwa mwendo mkali zaidi kama asilimia 9 au 10. Ndiyo maana nimepigia kelele gramu: ndege ambayo Mombasa ingesamehewa uzito wake, hapa haisamehewi. Nilipoipeleka Kisumu kwa shemeji, mita 1,131, ilinibidi nifungue sindano ya kabureta, maana hewa nzito ya ziwani ilitaka petroli zaidi. Niliporudi nikaifunga tena. Andika alama zako kwa kalamu.

Uzito wa mwisho bila petroli ni kilo 12.6. Kabla ya kurusha ulizia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya; kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani ndani zipo, na anayekaa upande wa Lanet ana kambi ya jeshi jirani.

Tuliirusha Njoro, kwenye njia ya murram ya shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Ilikimbia zaidi ya nilivyotarajia kabla ya kuinuka, mkia ukanyanyuka mapema, nikaiachia. Angani ni tulivu, inageuka kwa upana kama ndege kubwa hasa. Flapu (vibao vya nyuma ya bawa vya kupunguza mwendo) nilizishusha nusu tu, na niliileta chini na moto kidogo wa injini hadi magurudumu yakagusa. Ilidunda mara moja, ikatulia, ikasimama imetanua miguu yake.

Kasoro niliyobaki nayo ni kifuniko cha chumba cha rubani. Plastiki yake ni nyembamba na tayari vumbi la murram limeikwaruza. Nimeagiza karatasi nene zaidi, na fundi mmoja wa jua kali amekubali kunichongea umbo la mti wa saipresi nivutie plastiki ya moto juu yake.