Pesa za msaada Goma: bidoni za maji au bajeti ya volkano?

Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji wa Goma mashariki mwa Kongo (DRC), ilipolipuka Mei 22, 2021, lava iliharibu tangi la maji la mita za ujazo 5,000, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji safi. Hapo msaada wa dharura hauna mpinzani. Kando ya Ziwa Kivu, kijana wa kujitolea anavuta klorini kwa sindano, anaidunga ndani ya bidoni ya lita 20, mama anasubiri nusu saa ndipo watoto wanywe. Kipindupindu hakingoji semina. Ila mfadhili akifunga mradi, sindano nayo inaondoka.

Kusukuma sera hakuna picha nzuri ya kuwaonyesha wachangiaji. Lakini kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilipoishiwa ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2020, kilikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea data za mitetemo, na mlipuko ukaja mwaka uliofuata. Anayewabana wabunge Kinshasa kuhusu bajeti ya kituo hicho, au ile asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo ibara ya 175 ya katiba inayapa majimbo, anafanya kazi kubwa kuliko lori la mablanketi.

Shida ni mlango wa kubisha. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23, si serikali ya Kinshasa, unamshawishi nani? Kwa sasa mimi ningeweka pesa nyingi kwenye maji, kidogo kwa wafuatiliaji wa bajeti, mradi tu wasilipwe kwa idadi ya warsha.